Msimkate kondoo

Mhariri,

Kila Pasaka magazeti hutumia michoro ya Ulaya ya karne ya 17, na mara nyingi mchoro hukatwa ili uenee kwenye safu. Kwa bahati mbaya, kipande kinachotupwa ndicho chenye maana.

Chukua “Sadaka ya Isaka” ya mchoraji Caravaggio wa Italia, iliyopo makumbusho ya Uffizi, Florence, ya mwaka 1603 hivi. Ina upana wa sentimita 135 na kimo cha 104. Msanifu kurasa mwenye nafasi nyembamba hubakiza kisu na uso wa kijana anayepiga kelele, akaacha kichwa cha kondoo dume kilichobanwa ukingoni kulia. Lakini malaika, huku ameukamata mkono wa Ibrahimu wenye kisu, anamwonyesha kondoo huyo kwa kidole. Kondoo akiondoka, kidole kinaelekea patupu na msomaji anaona mauaji tu, haoni fidia. (Na tafadhali mchoro huu usiwekwe kwenye habari za Idd el-Hajj. Unafuata Mwanzo 22, ambako mwana ni Isaka. Waislamu wengi humtaja Ismail.)

Mchoraji Zurbarán wa Hispania ndiye anayeumizwa zaidi. “Mwanakondoo wa Mungu” wake ulioko makumbusho ya Prado, Madrid, ni mdogo, sentimita 37 kwa 62: kondoo mmoja mwenye pembe, juu ya meza ya kijivu, nyuma giza. Giza hilo si nafasi ya bure ya kuwekea kichwa cha habari, na mkiling'arisha linageuka kijivu, sufu ikapoteza mwanga wake. Maelezo ya picha nayo husema kondoo “aliyechinjwa”. Hakuna damu wala jeraha. Miguu yote minne imefungwa pamoja kwa kamba, naye ametulia, kama Isaya 53:7 isemavyo. Mchoro wake mwingine wa kondoo huyo, ulioko San Diego, Marekani, una hata taji hafifu la nuru na maneno ya Kilatini ya aya hiyo.

Kamba hiyo hiyo imo kwenye “Wachungaji Wakimwabudu Mtoto” wake wa 1638, ulioko Grenoble, Ufaransa. Kondoo aliyefungwa miguu amelazwa chini, mbele ya mtoto anayeabudiwa, yaani mtoto huyo tayari ni sadaka. Ukikata sehemu ya chini ili nyuso zikae vizuri, inabaki familia yenye furaha.

Nafasi ikibana, punguzeni ukubwa, mchoro mzima utoke kwenye safu mbili. Ikilazimu kukata, andikeni “sehemu ya mchoro”, pamoja na jina la mchoraji na makumbusho.

Msomaji,
Morogoro