Wifi, Njoo na Vya Kwenu

Wifi yangu mpenzi,

Kaka ameniambia kwamba umeanza kujifunza kupika bada, ule ugali wetu wa muhogo, ili usije ukaaibika ukweni. Nimefurahi, na pia nimepata wasiwasi kidogo. Ndiyo maana nakuandikia kabla ya harusi, tena hadharani, kwa kuwa najua si wewe peke yako unayejiuliza utapokelewaje kwenye ukoo usio wa kwenu.

Siku ya mahari baba yako mdogo aliuliza swali la haki kabisa: hawa wenzetu wa Tanga ni kabila gani hasa? Baba mkubwa akasema Waha. Shangazi akawataja Wamakonde. Mama akasema watoto wamelelewa Kibondei. Wazee wenu wakacheka, yakapita. Sasa nakupa jibu lenyewe.

Sisi tumeletwa na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo yakatokea mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko, na ukataji wake ukataka mikono mingi kuliko ya wenyeji, ambao wengi walikuwa na mashamba yao ya kulima. Basi watu wakafuatwa mbali: Kigoma, Unyamwezini, Songea, Urundi, Msumbiji. Hao ndio manamba. Babu yetu mzaa baba alikuwa mmoja wao, kijana wa Kiha kutoka Kasulu. Bibi alikuja na wazazi wake kutoka Mueda, wakavuka Ruvuma. Walijuana kambini, kila mmoja hajui neno la lugha ya mwenzake, wakachumbiana kwa Kiswahili.

Bibi alikuwa na chale usoni, mistari ya pembepembe iliyoanzia mashavuni ikapanda hadi kwenye paji. Watoto wa jirani walimwogopa. Sisi wajukuu tuligombania kukaa mapajani mwake, tukipitisha kidole kwenye mstari mmoja baada ya mwingine, naye ametulia tu. Sijaona uso mzuri kama ule.

Na alikuwa na mapishi yake. Ndugu wa babu wakija kutoka Kigoma walileta dumu la mawese na migebuka mikavu. Bibi aliloweka samaki kwenye maji ya moto, akatoa miiba, akakaanga vitunguu kwa mawese mpaka sufuria nzima ikawa ya rangi ya machungwa, kisha mwishoni akamimina tui zito la nazi. Babu alilalamika kwamba nazi inaharibu migebuka. Alilalamika miaka yote, na hakuwahi kubakiza. Tunaila kwa bada, chakula tulichopokea upande wa mama. Kwa hiyo hiyo bada unayohangaika nayo, hata kwa babu na bibi ilikuwa ngeni.

Mama ni Mbondei wa Muheza. Baba yake alikuwa Mwanglikana aliyesoma misheni ya Magila, mama yake Mdigo, Mwislamu. Nyumbani kwetu anayechinja ni mjomba Mwislamu, hata mbuzi wa Krismasi, ili kila anayeketi ale kwa amani. Mume wa mama mdogo ni Mchaga. Sitakuficha, posa yake ilipingwa na baadhi ya wazee, maneno mazito yakasemwa na mama mdogo akalia sana. Leo mkwe huyo wa Kichaga ndiye anayetangulia kuitwa kukiwa na msiba.

Siku hizi nasikia watu wakisema kabila limepitwa na wakati. Nashukuru kwamba sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutuuliza makabila yetu. Serikali haina haja ya kutugawa hivyo. Lakini ndani ya nyumba ni jambo jingine. Katika wajukuu wote wa babu hakuna anayeongea Kiha. Kimakonde kilizikwa na bibi. Waliona Kiswahili kinatosha, wakatulea nacho, nami nakipenda kuliko ninavyoweza kusema, ila natamani sana ningeweza kuimba japo wimbo mmoja aliotubembelezea bibi huku nikiuelewa.

Ndiyo maana nakuomba, wifi, usiache vya kwenu Bukoba. Ongea Kihaya na watoto wako tangu siku ya kwanza, hata sisi tukiwa tumekaa hapo hatuelewi. Tutauliza. Msimu wa senene ukifika Novemba tuletee, wa kukaanga kwa chumvi. Kaka ameshawazoea, wengine watazoea. Ile kahawa ya kutafuna mliyotukaribishia siku ya mahari, mama bado anaizungumzia, na anataka igawiwe kwa wageni siku ya harusi huku Tanga pia. Shangazi zangu watakutania kuhusu ndizi, nawe watanie kuhusu muhogo, wasipate nafasi ya kupumua.

Jambo la mwisho: mwambie mama yako asikodi chumba hotelini. Atalala kwa mama. Chumba kimeshapakwa rangi na chandarua kipya kimefungwa.

Wifi yako akupendaye,
Tanga