Barua kwa mwalimu aliyekabidhiwa maabara ya kompyuta

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba maabara ya kompyuta sasa iko mikononi mwako. Hongera sana. Unasema kamati ya shule inataka shauri: inunue leseni mpya, iendelee na zile nakala ambazo fundi alizipachika bila leseni, au ihamie kwenye programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza na kuzigawa? Swali lako ni fupi, lakini jibu langu litakuwa refu. Jambo hili naliamini kwa moyo wote, na naona walimu wengi wanaliingilia kwa mlango wa bei, kisha wanaishia hapo hapo mlangoni.

Basi tulimalize la bei kwanza. Ni kweli kwamba LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, hailipiwi, na mfumo endeshi kama Debian au Linux Mint unaupakua mara moja na kuuweka kwenye mashine zote ulizo nazo. Lakini nakusihi, usiiambie kamati kwamba kila kitu kitakuwa bure. Walimu watahitaji mafunzo, fundi atataka ujira wake, na diski zitakufa kama zinavyokufa siku zote. Ukiwaahidi bure tupu, siku ankara ya kwanza itakapofika mezani watasema uliwadanganya. Waambie ukweli: fedha iliyokuwa iende kwenye leseni sasa itakwenda kwenye kuwafundisha walimu, na maarifa ya walimu hayana tarehe ya kumalizika muda wake.

Sababu yenyewe, kwangu mimi, ni hii: mtoto aondoke shuleni na kile alichofundishiwa.

Mwanaprogramu Mmarekani Richard Stallman alitangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi huria, na katika harakati alizozianzisha zikaja kutajwa haki nne za mtumiaji wa programu huria: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi na kuibadilisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia pia nakala uliyoiboresha wewe mwenyewe. Wanasheria wanazisoma haki hizi kwa jicho lao. Wewe zisome kama mwalimu. Mwanafunzi aliyejifunza majedwali kwa LibreOffice Calc anaweza kuiweka programu ile ile kwenye kompyuta ya nyumbani kwao, ya binamu yake, au ya ofisi atakayoajiriwa baadaye, bila kuomba ruhusa ya mtu. Akimnakilia jirani yake wa dawati, ametenda tendo halali, tena tendo la ukarimu tunalomhimiza tangu akiwa chekechea.

Sasa itazame shule inayofundishia nakala za wizi. Mwalimu anakemea udanganyifu katika mtihani, na nyuma yake zimepangwa mashine ambazo kila moja imewekewa kijiprogramu cha kuvunja leseni. Watoto wanaona, rafiki yangu. Hawasemi, lakini wanaona, na wanajifunza kwamba sheria ni ya kusomwa ubaoni tu. Hapo sijataja virusi. Hivyo vijiprogramu hukuagiza uzime kinga ya kompyuta kabla ya kuvifungua, na ukishaizima hujui tena umemkaribisha nani. Kama kamati itakataa kila nililoandika humu, naomba ikubali hili moja: nakala za wizi ziondolewe, kwa kununua leseni au kwa kuhama.

Kuhusu kampuni zinazouzia shule kwa punguzo kubwa, au kutoa bure kabisa, sina chuki nazo. Wanafanya biashara, na wanaujua vizuri ule usemi wa samaki mkunje angali mbichi. Kijana aliyekulia kwenye menyu za kampuni moja ataiomba kampuni hiyo hiyo kwa mwajiri wake, na safari hiyo bei itakuwa kamili. Ninachokataa ni mwalimu kufanywa wakala bila kujua. Fundisha kuandika barua, kupanga takwimu, kutengeneza wasilisho. Mwanafunzi aliyeelewa mtindo wa kichwa cha habari ni nini atautafuta na kuupata katika programu yoyote. Aliyekariri kwamba kitufe kiko pembe ya kushoto atapotea toleo jipya likitoka, hata kama ni la kampuni ile ile.

Halafu kuna haki ya kuchunguza, ambayo wengi huiruka kwa kudhani inawahusu wahandisi peke yao. Katika somo la baiolojia tunawapa wanafunzi darubini ili waone ndani ya jani, lakini kwenye kompyuta tunawaambia wabofye na wasiulize. Wengi wao hawatasoma msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, hata mara moja, na si lazima wasome. Ila yupo mmoja, na mara nyingi ni yule anayekaa nyuma bila kusema sana, ambaye siku moja atataka kujua mchezo wa hesabu katika GCompris, mkusanyiko huria wa michezo ya kufundishia watoto, unachaguaje maswali. Msimbo upo, auone. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 Chuo Kikuu cha Helsinki alipotangaza mwaka 1991 Linux, kiini ambacho juu yake imejengwa mifumo endeshi kama Debian na Linux Mint, na kabla ya hapo alikuwa akichimba ndani ya Minix, mfumo mdogo uliotungwa mahususi kwa kufundishia, ambao msimbo wake ulisomeka. Sisemi utamzaa Torvalds mwingine darasani kwako. Nasema mlango uachwe wazi, kwa sababu hatujui nani atapita.

Hata lugha yetu imepita katika mlango huo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hawakungoja kampuni ya mbali ipige hesabu kama wasemaji wa Kiswahili wana faida sokoni. Leseni iliwaruhusu, wakaketi wakafasiri. Wanafunzi wako wakubwa wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa programu ndogo ya watoto, na hiyo ni kazi ya mradi nzuri kuliko nyingi tunazowapa.

Kamati itauliza kama kuna waliowahi kufanya hivi kwa upana. Wapo. Jimbo la Kerala, India, lilianzisha mpango wa IT@School mwaka 2001, na katika miaka iliyofuata shule zake za serikali zikahamia kwenye programu huria kwa hatua, pamoja na vitabu na mitihani ya somo hilo. Linalonivutia zaidi hapo ni jinsi walivyojenga jeshi la walimu waliofundisha walimu wenzao, na wakatengeneza toleo lao wenyewe la mfumo lenye Kimalayalam, lugha ya jimbo hilo. Hispania nayo, mkoa wa Extremadura ulitoa gnuLinEx, toleo lake la Linux, mwaka 2002 na kuipeleka madarasani. Norwei ulianza mradi wa Skolelinux mwaka 2001, ambao leo unajulikana kama Debian Edu, na huo nataka uutazame kwa makini. Umeundwa kwa ajili ya shule tangu mwanzo: seva moja, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, inatunza akaunti na kazi za wanafunzi wote, kwa hiyo mtoto anaketi kwenye mashine yoyote na kuyakuta mafaili yake. Mashine zilizo dhaifu zinaweza kuwashwa kupitia mtandao wa ndani, zisiwe hata na diski.

Hilo linanileta kwenye mashine zako za zamani. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na vichakataji vya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi zisizo na kasoro yoyote zimeambiwa kwamba zimezeeka. Usikubali zitupwe. Ongeza kumbukumbu ifike GB 4 au 8, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kisha weka mfumo wenye mazingira mepesi ya skrini kama Xfce. Jambo moja la kuangalia kabla ya yote: kichakataji kiwe cha biti 64. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, kwa hiyo zilizo kongwe kabisa zitakusumbua.

Kama intaneti yenu ni ya kubahatisha, Kiwix itakufaa kuliko chochote. Inakuwezesha kuhifadhi Wikipedia nzima ndani ya diski na kuisoma bila mtandao. Ya Kiingereza pamoja na picha hufikia GB 100 hivi, ya Kiswahili ni ndogo mno kuliko hiyo, na zote mbili zinaweza kukaa kwenye seva yako ya maabara zikasomwa na darasa zima kwa wakati mmoja.

Sasa magumu, maana nisipoyataja mimi utayagundua mbele ya watu. La kwanza ni mafaili ya zamani. Barua na mitihani iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa katika LibreOffice, wakati mwingine majedwali yanasogea na kurasa zinaongezeka. Mara nyingi kosa ni la fonti. Weka fonti za Liberation, ambazo vipimo vyake vinalingana na Arial, Times New Roman na Courier New, na uongeze Carlito mahali pa Calibri. Malalamiko mengi yatakoma hapo hapo. Kazi mpya zihifadhiwe kwa ODF, muundo uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na za kutuma nje ziwe PDF.

La pili ni muhtasari wa somo. Usome mstari kwa mstari. Muhtasari ukitaja ujuzi, huna tatizo. Muhtasari ukitaja bidhaa kwa jina, acha mashine chache zenye bidhaa hiyo, kwa leseni halali, kwa ajili ya watahiniwa. Wanafunzi wasilipie msimamo wetu kwa alama zao. Vivyo hivyo kwa mhasibu: kama programu yake inakubali Windows tu, muache na Windows yake, wala usigombane naye.

La tatu, na kwa maoni yangu ndilo zito, ni walimu wenzako. Mwalimu anayeogopa kuonekana mjinga mbele ya watoto ataupinga mfumo wowote mpya, na kwa haki. Kwa hiyo usianze na kubadilisha mfumo endeshi. Anza kwa kuweka LibreOffice, GIMP ya picha, Audacity ya sauti, VLC ya video na GCompris juu ya Windows hiyo hiyo waliyoizoea. Zote zinakubali. Waache muhula mzima wazizoee. Siku utakapobadilisha kilicho chini, watakuta sura zile zile wanazozijua, na hofu itakuwa imepungua sana. Hata hivyo waonjeshe kwanza: Linux Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukichomoa kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Na ujihadhari na huduma za mtandaoni zinazojiita za bure kwa shule. Si kila kisicholipiwa ni huria. Kabla hujawafungulia watoto akaunti, soma masharti ujue majina yao, kazi zao na tabia zao zinahifadhiwa wapi na kwa matumizi gani. Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni, unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, na taarifa za wanafunzi zikabaki ndani ya kuta za shule. Inataka kazi, lakini ni kazi inayostahili.

Kabla ya kikao cha kamati, naomba uniandikie aina ya kichakataji na kiasi cha kumbukumbu cha kila mashine, na muundo wa printa mliyo nayo, kwa sababu printa ndizo huleta ubishi usiotarajiwa. Nitakutayarishia flashi za majaribio na kukutumia. Uwashe mashine mbili mbele ya wajumbe, watoto wawili wawafungulie GCompris, na uwaache wajumbe wenyewe washike kipanya.

Nasubiri jibu lako.

Akupendaye daima,
Rafiki yako