Risala ya Wanakikundi kwa Mgeni Rasmi Katika Kufunga Mafunzo ya Ujasiriamali, Uyole, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya;
Mheshimiwa Diwani;
Afisa Maendeleo ya Jamii, watendaji na wenyeviti wa mitaa;
Viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama na vijana wenzetu;
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa salama. Nawe tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako na kupanda huku Uyole kwenye baridi hii ya Julai. Tumeona umekuja na koti zito. Aliyekushauri anaijua Mbeya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi chetu kina akina mama wauza viazi na mboga, vijana wa bodaboda, mafundi cherehani, na wahitimu wa vyuo ambao bado wanatafuta ajira. Mafunzo tunayofunga leo yalihusu kutunza hesabu za biashara na kusindika viazi na parachichi. Kuhusu hayo hatutasema mengi, bidhaa ziko mezani na utazionja mwenyewe. Risala hii tumeitengea jambo lililokuwa likizuka kila tulipokaa kunywa chai: mtu wa hali ya chini akitaka msaada au kazi aanzie wapi, na akishaomba, nani anamjibu?

Tuanze na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, maana hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012 na kuingia awamu ya pili mwaka 2020, hauombwi kwa barua wala kwa kumpigia magoti mtendaji. Kaya huibuliwa na majirani kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, hupitiwa na dodoso, kisha majina hurudi kwa wananchi wayathibitishe. Walioandikishwa hupata ruzuku, na kaya zenye watu wenye nguvu za kufanya kazi hupewa ajira za muda kwenye miradi ya jamii. Utaratibu huu tunauona ni wa haki, kwa sababu jirani anajua nani analala njaa.

Lakini mkutano ukiitishwa asubuhi ya siku ya kazi, mama yuko shambani Umalila au amekwishawahi soko. Bibi anayelea wajukuu hana wa kumwachia nyumba. Na kwetu huku bibi wa namna hiyo si wa kutafuta kwa tochi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa mitatu yenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, na makovu ya miaka iliyopita, yaani watoto walioachwa na wazazi mikononi mwa bibi zao, tunaishi nayo majumbani. Asiyefika mkutanoni hatajwi, na asiyetajwa hafikiwi na dodoso. Hivyo mwenye shida kubwa kuliko wote anaweza kuachwa bila mtu yeyote kukusudia kumwacha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Upo pia mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, na umewekwa kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo hatuji hapa kuomba hisani. Mwaka 2023 Serikali iliusimamisha ili kupanga upya utaratibu, na mwaka uliofuata ukarejeshwa. Masharti tunayafahamu: kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) za wanachama na andiko la mradi, kisha maombi yapite kwenye mfumo wa kielektroniki. Hatulalamikii nyaraka hizo. Vikundi hewa, na vile vinavyogawana fedha siku hiyohiyo zinapoingia halafu kila mmoja akashika njia yake, vimetuharibia jina sote, na ni vizuri vibanwe.

Kinachotuumiza ni kimya. Kundi la vijana wa hapa liliwasilisha maombi kwenye ofisi moja ambayo hatutaitaja, karatasi zikapokelewa, na tangu hapo wanaambiwa warudi Jumatatu. Jumatatu mhusika yuko semina. Mara nyingine mtandao uko chini. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ni faida ya siku nzima kwa anayeuza nyanya kwa mafungu. Ukikosea namba moja tu kwenye mfumo, unarudi steshenari kulipia upya kujaziwa. Mwisho watu wanakata tamaa, na mitaani inasemwa kwamba fedha zina wenyewe. Sisi hatuna ushahidi wa hilo na hatulisemi, ila tunajua linavyozaliwa.

Kwa upande wa ajira, wahitimu wetu wengi hawajui kwamba Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, huunganisha watafuta kazi na waajiri, wala kwamba kuna mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa waliomaliza vyuo. Na fundi aliyejifunzia gereji bila kukaa darasani anaweza kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ujuzi wake ukarasimishwa, akapewa cheti. Tulipolisikia hili kwenye mafunzo, mafundi watatu walisimama palepale kuuliza ofisi iko wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwa hayo tunaomba mikutano ya kuibua kaya itangazwe mapema, kwa kipaza sauti, makanisani na misikitini, na ifanyike jioni au Jumapili mchana. Tunaomba angalau mara moja kila robo mwaka maofisa wa maendeleo ya jamii, NIDA, benki, VETA na mratibu wa TASAF wakae pamoja ofisi ya kata siku moja, ili mwananchi amalize shida zake sehemu moja. Na ombi tunalolitilia mkazo kuliko yote: anayekataliwa apewe jibu la maandishi lenye sababu, ndani ya muda unaojulikana. Hata likiwa hapana, tutalipokea na kurekebisha.

Nasi hatukuja mikono mitupu. Wahitimu wetu wawili wamejitolea kusaidia watu kujaza maombi bure kila Jumamosi. Kompyuta wanayo. Wanachokosa ni meza, benchi na soketi ya umeme pale ofisi ya kata, na Mtendaji yuko hapa anasikia.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.