Yule mama wa Perugia

Shosti wangu,

Za huko? Mie mzima, baridi tu ndo inaniua. Si nilikwambia ntaenda Roma, basi nimeenda na nikaingia Galleria Borghese, ile makumbusho ya sanaa, tiketi yao ya masaa mawili tu yakiisha mnatolewa, na mie karibu nusu nzima nimeimalizia kwenye picha moja ya Raffaello, yule mchoraji wa Italia wa zamani.

Ukiiona utasema aah, Yesu anapelekwa kaburini, basi. Kumbe aliyeilipia ni Atalanta Baglioni, mjane tajiri wa Perugia, mji mmoja huku huku Italia. Mwaka 1500 mwanae Grifonetto aliingia kwenye njama wakawaua watu wa ukoo wao wenyewe usiku wamelala, tena siku za harusi jamani! Mama aliposikia akamlaani, kijana kuja kubisha hodi akafungiwa mlango. Ila kuna ndugu mmoja alikuwa ametoroka, huyo akarudi na watu wake, Grifonetto akauliwa njiani. Ndo mama akaja mbio kumwomba awasamehe waliomuua kabla hajakata roho, na inasimuliwa sauti ilishamkauka, akambana tu mamake mkono.

Miaka ikapita, mama akaagiza picha ya kuweka kwenye kanisa la San Francesco al Prato, Raffaello akaimaliza 1507, kijana wa miaka 24 tu. Sasa angalia, kulia Bikira Maria kazimia, wanawake wamemdaka, na mmoja kapiga magoti kajipinda kiuno kizima kumpokea. Halafu katikati kuna kijana kabeba upande wa miguu ya Yesu, nywele zinapepea, na wengi husema huyo ndo Grifonetto. Muuaji kabisa, kambeba Bwana! Hapo ndo niliganda.

Najua utaniambia matajiri wa enzi zile walikuwa wanajinunulia sifa na njia ya mbinguni, na kweli wengi ndo walivyokuwa, lakini huyu mi nahisi alikuwa anamfungulia mwanae ule mlango.

Kinachoniudhi ni kwamba mwaka 1608 kardinali Scipione Borghese, mpwa wa papa, aliitamani picha ikabebwa usiku kwenda Roma, watu wa Perugia wakapiga kelele wee wakaishia kupewa kopi. Mama wa watu alishakufa zamani, nani angemtetea.

Nilizopiga na simu zimetoka na ukungu ila ntakutumia hivyo hivyo, zuum uone mikono ya yule aliyepiga magoti.

Nisalimie mama.

Mie shosti wako