Maumivu ya kiuno yasiyokoma yapimwe, yasichuliwe tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi mguuni, ambayo wengi wetu huyatibu kwa kuchua, vidonge vya dukani na subira. Mara nyingi ni diski, yaani kile kitu laini kilicho kati ya pingili za mgongo, iliyobana mshipa wa fahamu, na hupungua ndani ya wiki chache. Kwa hayo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwa yale yanayodumu miezi. Kifua kikuu, licha ya jina lake, hushambulia pia pingili za uti wa mgongo, na mgonjwa huenda asikohoe hata mara moja. Ndiyo maana hutibiwa "mgongo" mpaka miguu inapokosa nguvu au kibyongo kinapojitokeza. Kwa wanaume wenye umri mkubwa, saratani ya tezi dume nayo huweza kuenea hadi kwenye mifupa hiyohiyo. Kumkanda kwa nguvu mgonjwa wa namna hii, kama tulivyozoea, ni kumhatarisha.

Napendekeza zahanati zetu zimuulize kila mwenye maumivu yaliyozidi wiki sita kama ana homa za jioni, jasho la usiku, au amepungua uzito. Akikubali hata moja, apewe rufaa akapimwe. Dawa za kifua kikuu hapa Tanzania ni bure. Na anayeshindwa kuzuia mkojo au anayehisi ganzi sehemu za siri asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Msomaji wako,
Dodoma