Barua kwa mwanangu: hiyo dawa ya panya usije nayo

Mwanangu mpendwa,

Hapa Njombe hatujambo, mvua zimeanza. Mdogo wako amenisomea ujumbe wako, kwamba umenunua dawa ya panya pale Mwanjelwa, Mbeya, na utakuja nayo Krismasi. Usije nayo.

Wale vipanga wa kwenye miti ya milingoti wametotoa, na makinda wao wawili wameanza kushuka uani. Bado ni wa kahawia, hawajapata ule mkia mwekundu wa wazazi wao. Asubuhi wanatua kwenye kichanja cha vyombo, wanayumba kama mtoto anayejifunza baiskeli, kisha wanalia weee mpaka mama yao alete kitu. Jana alileta fuko. Fuko, mwanangu, hao hao wanaotumalizia viazi! Siku nyingine ni panya, siku nyingine mjusi au kinyoka.

Sasa fikiri. Panya akila dawa ya namna hiyo hafi papo hapo. Huzurura siku kadhaa amelegea, mchana kweupe, na kipanga humkamata huyo kabla ya panya mzima. Akimla, sumu inahamia kwake, na makinda ndio wanaolishwa.

Najua utasema wanachukua vifaranga. Kweli, mmoja ameshakwenda. Baba yako alitafuta manati, nikaificha. Vifaranga nawafunika kwa tenga mpaka wakue, basi.

Na kwako je? Mjukuu wangu anatambaa, kila anachookota ni mdomoni, nawe umeweka pakiti uvunguni mwa kitanda! Umesoma, umejenga, kila anayepita hapa namwambia habari zako. Lakini kwa hilo umeniudhi. Itoe leo. Usiitupe jalalani, kuku na mbwa wa watu wanachakura huko. Mrudishie aliyekuuzia hata asipokurudishia hela.

Baba yako anasema zamani tuliweka dawa na hakuna kilichotokea. Yule paka wenu mweusi hakuibiwa, mwanangu. Mlikuwa wadogo, mngelia sana.

Kwa hiyo dawa hapana, hata ile wanayotangaza kwa spika stendi kwamba haina madhara. Ukitaka kunisaidia, niletee bati. Fundi atalikata azungushie nguzo za ghala, panya akipanda anateleza. Tawi la mparachichi nalo limegusa paa la ghala, wanapitia hapo hapo. Njoo ulikate mwenyewe, baba yako mgongo unamsumbua na hataki kusema.

Mkwe wangu mwambie viazi vyake vya mbegu nimevitenga, vimeshaanza kuchipua, asichelewe kuvifuata. Mbolea bado hatujanunua.

Hilo bati lifungwe vizuri kwa gunia, makali yasije yakamkata mtu kwenye basi.

Mama yako.