Shukrani kwa mzee wa gati la Lamu

Mzee wangu, jana alasiri niliingia gatini na mashua isiyo na injini, kusi likivuma, maji yakitoka kwa kasi. Nilichelewa kutua tanga, ikawa inakimbilia ngazi za mawe, na wanangu wawili wamo ndani. Ukapaza sauti: “Legeza demani! Elekeza omo kwenye upepo!” Nikalegeza demani, ile kamba ya kukaza tanga, nikaelekeza omo, yaani pua ya mashua, kwenye upepo. Tanga likapigapiga, mwendo ukafa.

Nikakutupia kamba. Uliizungusha nguzoni mara mbili, ukaiachia kidogo kidogo hadi mashua ikasimama bila kugusa jiwe. Kiganja kilikuchubuka, nilikiona. Nilipomaliza kukunja tanga ulikuwa umeshaondoka.

Mzee huyo alikuwa na kofia ya vito, ile ya kudariziwa, na shuka la buluu. Anayemjua amfikishie salamu zangu. Ahsante sana, baba. Mungu akupe afya.